Kwa Mgongo wa Mkono

Mfuaji mpya akiingia chumba cha kufulia cha hoteli ile, kitu cha kwanza kufundishwa hakikuwa kufua. Alifundishwa kugusa. Bibi Pasi, mwanamke aliyenyoosha mashuka pale tangu hoteli ikiwa na ghorofa moja, alimpeleka mbele ya mashine namba moja na kumwambia asiishike kwa kiganja hata siku moja. Aiguse kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa. Ikimuuma, mkono wenyewe utaruka. Akiishika kwa kiganja, vidole vitajifunga, na hapo si yeye aliyeshika tena. Ameshikwa.

Kisha alionyeshwa ubao. Zilikuwa mbao tatu zilizopigiliwa pamoja, zilizotoka kwenye kreti ya mashine zenyewe siku zilipoletwa. Wafuaji walizilaza mbele ya mashine zote tatu kwa sababu sakafu ilikuwa ya saruji na haikukauka tangu asubuhi hadi jioni. Ukisimama juu ya ubao, mashine inakudonoa kama kuku. Ukisimama chini, inakuuma kama mbwa. Wanawake sita walijitengenezea usalama wao kwa mbao za kreti na ngozi ya mgongo wa mkono. Usalama waliostahili kupewa ulikuwa umebandikwa mlangoni, kwenye stika ya kijani yenye neno moja: IMEPIMWA.

Saini iliyokuwa chini ya neno hilo ilikuwa ya Kipimo.

Kipimo ni jina la kazini. Alilipata ujanani, alipokuwa fundi umeme asiyekubali kuondoka kwenye nyumba mpaka apime kila soketi, wenzake wakimsubiri nje na kumpigia honi. Lilianza kama utani, na utani ukizeeka huwa jina. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, mke, nyumba ya vyumba vitatu, na kibali cha upimaji chenye picha yake ya zamani. Katika chumba kile cha kufulia alikuwa pia na shemeji, mdogo wa mkewe, kitindamimba wa nyumba yao. Kazi ile ni yeye Kipimo aliyemwombea. Alimwendea Meneja wa hoteli, akamwambia huyu ni damu yangu, mchukue, hutajuta.

Shemeji alikufa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi.

Wageni wa mwenye hoteli walikuwa wanakuja kuliona jengo, watu wenye mtaji, na Meneja alipita chumba kwa chumba akiondoa kila kinachoweza kumkera tajiri. Alipofika chumba cha kufulia aliutazama ubao, mweusi kwa miaka ya sabuni na ukungu, akasema unatia aibu, utolewe ukakae nyuma ya ukuta. Bibi Pasi alimweleza ubao ule una kazi gani. Meneja alimuuliza kama hapa ni hoteli au banda la kuku. Ubao ukatolewa. Shemeji alifika na mashuka mpaka kidevuni, akaigusa namba moja kwa mgongo wa mkono, kama alivyofundishwa. Ilikuwa kimya. Akapakia mashuka, akashika kishikio cha mlango kwa kiganja ili aufunge. Wakati huohuo namba tatu, kule mwisho wa chumba, ikaanza kupasha maji.

Waliokuwepo walisema hakupiga kelele. Alisimama tu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Bibi Pasi ndiye aliyekimbia kuufuata ubao nyuma ya ukuta, akarudi nao na kuupiga mkono ule mpaka ukaachia. Ubao ulifanya kazi yake hata siku hiyo. Ulichelewa tu.

Barua ya hoteli ilifika siku ya sita baada ya mazishi. Ililetwa na dereva ambaye alikataa kuketi. Mama wa marehemu hakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo alimkabidhi mkwewe aisome mbele ya watu, maana katika familia ile Kipimo ndiye aliyekuwa mtu wa karatasi. Alisoma rambirambi vizuri, kwa sauti ya kutosha. Alipofika aya ya tatu, waliokaa mbali wakalazimika kusogea. Uchunguzi wa awali, barua ilisema, umeonyesha kuwa chanzo cha ajali ni uzembe wa marehemu, aliyegusa mashine akiwa na mikono yenye maji na bila viatu vya kazi. Hakuna malalamiko yaliyowahi kupokelewa kuhusu mashine hizo, ambazo zilipimwa na kuthibitishwa na mtaalamu.

Mtaalamu ndiye aliyekuwa ameishika barua.

"Hilo neno uzembe," mama mkwe aliuliza, "limeandikwa hapo?"

"Limeandikwa, mama."

"Nionyeshe."

Kipimo alimsogezea karatasi. Mama yule aliweka kidole juu ya neno na kukiacha hapo muda mrefu, kama anayesubiri lipoe.

"Fupi hivi," alisema. "Na mimi nilimzaa kwa siku mbili."

Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, mfuaji asiye na mikono yenye maji anafua kwa kitu gani, kwa mate? Hakuna aliyecheka. Akataka kujua viatu vya kazi ni vipi, maana binti yake aliwahi kurudi na buti moja la mpira lililopasuka, akasema la pili ni la mwenzake wa zamu ya mchana.

Neno lile halikuzaliwa kwa ajili ya binti yake. Wenye kumbukumbu wanalijua. Ukuta wa machimbo ya kokoto ulipowafunika watu wanne, liliandikwa. Tangi la mvuke lilipopasuka kwenye kiwanda cha sabuni, liliandikwa, na mmoja wa marehemu hao zamu yake ilikuwa imekwisha, alikuwa amerudi kuchukua koti. Lori lililotumwa barabarani bila breki liliposhuka mteremko na kuingia sokoni, dereva alikuwa bado hajatolewa kwenye vyuma, neno lilikuwa limeshapigwa muhuri. Linakaa tayari kwenye droo, limechapwa, limeachiwa nafasi ya jina tu. Hao wenye droo wanampenda sana marehemu. Ni mfanyakazi pekee asiyebisha.

Siku mbili baadaye, mwenye kampuni ya upimaji alimwita Kipimo ofisini. Mafundi walimwita Bwana Stika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameshika bisibisi, ila stika alizihesabu mwenyewe kila asubuhi: kumi na tano kwa kila mpimaji, na mpimaji aliyerudi na stika mkononi alionekana mvivu. Jengo moja likipimwa kama inavyotakiwa humaliza nusu siku. Kumi na tano kwa siku hupimwa kwa njia moja tu, na mafundi walikuwa na jina lake, kupima kwa kalamu. Unachukua karatasi ya mwaka jana, unaiweka pembeni ya karatasi ya mwaka huu, unanakili. Ukiwa mwangalifu unabadilisha tarakimu moja ili isionekane pacha. Kipimo alianza kwa kukataa. Halafu akapima kwa kalamu majengo mapya tu, kwa hoja kwamba mapya hayana tatizo. Halafu majengo yasiyo na watu wengi. Miaka minne ikapita hivyo, na mtu hajui siku aliyoacha kuwa mtu fulani. Hakuna kengele inayolia.

Bwana Stika alimpa pole ya msiba kwa mikono miwili. Akasema ofisi ya kazi, ile ya serikali, imetaka hoteli ipimwe upya, na ingekuwa vyema aende yeye aliyepima mwaka jana, faili lifungwe kwa mkono uleule uliolifungua. Kipimo alisema huyu ni shemeji yake, si vizuri. Bwana Stika akasema ndiyo maana, nani atakayedhani shemeji anamdhulumu shemeji yake?

Kipimo alipofika mlangoni, alimwita tena.

"Ukiandika kitu tofauti na mwaka jana," alisema kwa upole, "utakuwa umeandika kwamba mwaka jana ulidanganya. Nakuwazia wewe tu."

Hotelini alikuta ubao umerudishwa. Ulikuwa umesuguliwa mpaka ukawa mweupe. Mashine zilikuwa zimezimwa, na Bibi Pasi alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka machafu, mikono mapajani. Hakuinuka. Kipimo alifungua begi na kutoa kifaa cha kupimia, kile cha manjano chenye nyaya mbili. Vumbi lilikuwa limeganda kando ya vitufe vyake.

Bibi Pasi aliuliza hicho ni nini, maana mwaka jana hakukiona.

Kipimo angeweza kujibu kwa maneno ya kitaalamu, anayo mengi. Alimweleza kama alivyoelezwa yeye na fundi aliyemfunza kazi, zamani. Alisema umeme ukivuja na kuingia kwenye bati la mashine, unachotaka ni kurudi kwao. Ndiyo maana kila mashine ina waya wa kijani na njano, umeshika bati, unakwenda mpaka kwenye swichi kuu na kutoka hapo mpaka ardhini. Hiyo ndiyo njia ya kurudi. Ikiwa pana, umeme unarudi kwa kishindo, breka inashtuka na kukata kabla hujapepesa jicho. Ikiwa nyembamba, umeme unarudi kwa kunong'ona, na breka haisikii minong'ono. Kwa macho huwezi kujua njia ni pana au nyembamba, hata waya ukiwa mpya unang'aa. Lazima upime. Kila mwaka, na kila kitu kinapobadilishwa kwenye jengo.

"Na njia ikiwa haipo kabisa?"

"Umeme unakaa kwenye bati, Bibi. Unamsubiri mtu."

"Kwa hiyo waya ni mtu."

Kipimo aliinama akafunga nyaya za kifaa kwenye bati la namba moja. Karatasi ya mwaka jana ilikuwa mfukoni, na ilisema sufuri nukta nne mbili, namba ndogo, njia pana kama barabara kuu. Alibonyeza. Kifaa kilifikiri kidogo, kisha kikaonyesha alama ya kushindwa. Hapakuwa na namba ya kusoma. Njia haipo. Akahamia namba mbili. Haipo. Namba tatu, haipo. Akafuata waya mpaka kwenye kabati la swichi, akakuta mahali pa kile kijisanduku kinachokata umeme mara tu unapovuja pamezibwa kwa karatasi ya gundi. Bibi Pasi alikuwa amemfuata, akamwambia kilitolewa mwaka juzi. Kilikuwa kinakata umeme kila mmoja wao alipoumwa, mashuka yakawa hayaishi, Meneja akasema kinasumbua. Kijisanduku kile ndicho kitu pekee hotelini mle kilichokuwa kikilalamika waziwazi, na kilifukuzwa kazi kama wanavyofukuzwa wote wa aina hiyo.

Kutoka kwenye kabati, waya wa kijani na njano ulishuka ukutani, ukatoboa sakafu na kutokea chumba cha pampu kilicho chini. Kipimo alipiga magoti kwenye maji na kumulika tochi. Waya ulikuwa umefungwa kwa kibano cha shaba kwenye bomba la maji la chuma, kama walivyofanya mafundi wa zamani, kwa sababu bomba la chuma lilikwenda chini ya ardhi mbali sana, na ardhi hupokea umeme. Kibano kilikuwa kizima. Skrubu zilikuwa zimekazwa vizuri. Fundi yeyote angekisifu. Alikifuata chuma kwa mwanga wa tochi, kikaenda kiasi cha hatua mbili, kikakatika, na kuanzia hapo bomba lilikuwa plastiki, jeusi, jipya, likienda zake barabarani.

Mafundi bomba walikuwa wamebadilisha bomba kuu miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa la chuma lilioza. Walifanya kazi nzuri, halijavuja tone. Walijua bomba huleta maji, na hakuna aliyewaambia kwamba lile lilikuwa pia likipeleka umeme nyumbani. Tangu siku hiyo usalama wa jengo zima, vyumba arobaini, jiko na chumba cha kufulia, ulikuwa umefungwa kwa ustadi kwenye kipande cha chuma kisichokwenda popote. Na kwa kuwa waya mmoja uliunganisha mabati yote, kipasha maji cha namba tatu kilipooza na kuanza kuvujisha, umeme ulitembea kwenye waya huohuo mpaka namba moja, mpaka namba mbili, mpaka kwenye meza ya pasi. Waya uliowekwa kuwaokoa ndio uliowagawia umeme huo.

Miaka mitatu. Kipimo cha dakika tano kingeliona kosa hilo mwaka wowote kati ya hiyo. Na karatasi za miaka yote mitatu zilisema sufuri nukta nne mbili, sufuri nukta nne moja, sufuri nukta nne mbili.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kilichomkalisha hakikuwa bomba. Bomba lingemwezesha kusema hakujua. Kilichomkalisha ni siku ile ya mwaka jana, jengo la saba, jua kali, alipoingia chumba cha kufulia na kalamu sikioni. Shemeji yake alimfuata, povu mpaka viwikoni, akafurahi kumwona, akamwambia mbele ya wote:

"Shem, namba tatu ikipasha maji, namba moja inatuuma."

Daktari akiambiwa na mgonjwa jina la ugonjwa, mahali ulipo na saa unapoanza, atake nini tena? Mwanafunzi wa ufundi wa mwezi mmoja angeiacha kalamu. Mashine moja haiumi kwa kosa la nyingine mpaka waya wa ardhi uwe umekatika mahali. Yote yalikuwa mle, katika maneno manane ya mfuaji. Naye Kipimo alimjibu:

"Zina wivu hizo. Zipangieni zamu, kama wake wenza."

Chumba kizima kilicheka. Shemeji naye alicheka, kwa kuwa alimheshimu, na kwa kuwa mtu mwenye kibali chenye picha akicheka, jambo haliwezi kuwa la kuua. Kipimo akaandika sufuri nukta nne mbili, akabandika stika, akaenda jengo la nane.

Alipanda ngazi. Bibi Pasi alikuwa palepale, akimtazama usoni.

"Umekumbuka," alisema.

Kipimo aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilicheka. Ulikuwa utani mzuri."

Kipimo alimuuliza kwa nini hawakuwaambia wachunguzi kwamba malalamiko yalitolewa, na kwa nani. Bibi Pasi alisema waliwaambia. Walijibiwa kwamba daftari la malalamiko ni tupu, na ni kweli ni tupu, linafungiwa kwenye kabati la Meneja na ufunguo anao Meneja. Walijibiwa pia kwamba wafuaji wanasema hivyo kwa uchungu wa mwenzao. Akasema yeye amezeeka akijifunza jambo moja, kwamba karatasi husikia karatasi tu. Kama kuna karatasi ya kumtoa yule binti kwenye uzembe, si ya kwake yeye asiyejua hata kuandika jina. Kisha akajinyanyua polepole, akaenda kwenye meza yake, akaigusa kwa mgongo wa mkono ingawa umeme ulikuwa umezimwa.

Kipimo alibaki na mambo mawili, jina la shemeji na kibali chake, na alijua hayawezi kukaa chungu kimoja. Angeandika habari za bomba tu, halafu hoteli ingesema sawa, bomba lina tatizo, lakini yeye marehemu aliona hatari akanyamaza, uzembe ni uleule. Ili neno lile litoke juu ya jina la shemeji yake, ilibidi mtu aandike kwamba alisema, na aliyeambiwa ni nani. Mtu huyo akiandika, kibali kinakwenda. Na kabla ya kibali, kulikuwa na mkewe.

Alimkuta jikoni mchana ule, ungo mapajani, akichambua mchele. Yeye ndiye aliyemwosha mdogo wake. Alikuwa ameuona mstari uliokauka mweusi katikati ya kiganja cha kulia, na tangu siku hiyo alikuwa na tabia ya kukunja kiganja chake mwenyewe akizungumza. Kipimo alisimama mlangoni akamweleza yote kwa mfuatano, bomba, kijisanduku, karatasi za kunakili. Mkewe aliendelea kuchambua. Alipofika kwenye maneno ya shemeji, vidole vilisimama.

"Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Wewe ukasemaje?"

Kipimo alisema alimjibu kwa mzaha tu, wa haraka haraka, kazi zilikuwa nyingi.

"Irudie, baba watoto. Kama ulivyosema."

Akairudia. Zina wivu hizo. Zipangieni zamu, kama wake wenza. Jikoni mle, mchana, maneno yaleyale yalisikika kama yamesemwa na mlevi kwenye matanga. Mkewe alitoa chuya moja, akaitazama, akaitupa.

"Kaandike," alisema hatimaye. "Na huo utani uuandike. Usiandike 'nilipuuza'. Andika ulivyosema."

Aliandika usiku? Hapana. Aliandika mchana huohuo, kwenye meza ya kulia, mkewe akiwa upande wa pili na ungo wake, na kila alipotaka kukwepa kwa neno la kiofisi alikuta macho yale. Aliandika kwamba njia ya kurudisha umeme ardhini haikuwepo tangu bomba libadilishwe. Kwamba kikata umeme kilitolewa kwa amri ya Meneja. Kwamba ubao wa wafuaji uliondolewa asubuhi ya kifo kwa amri hiyohiyo. Kwamba kampuni humpa mpimaji majengo kumi na tano kwa siku, na majengo kumi na tano hayapimiki. Kwamba namba za mwaka jana zilinakiliwa, na aliyenakili ni yeye. Kwamba marehemu alitoa taarifa sahihi na kamili kuliko ya fundi yeyote, na alijibiwa hivi. Akaandika alivyojibu. Akaweka saini, ileile ya kwenye stika, akaipeleka ofisi ya kazi kwa mkono wake, nakala moja kwa Bwana Stika.

Bwana Stika hakugomba. Alisoma mpaka mwisho, akarekebisha miwani, akasema amesikitika kugundua kwamba katika kampuni yake kulikuwa na mtu wa namna hii.

Barua ya pili ya hoteli ilichukua miezi mitatu. Dereva alikuwa yuleyule. Mama mkwe alimkabidhi tena Kipimo, mbele ya watu walewale wachache, naye akaisoma akiwa amesimama. Uchunguzi kamili umebaini kuwa marehemu hakuwa na kosa. Sauti yake haikushuka safari hii, alisoma kama anayepita juu ya kamba. Chanzo cha ajali ni uzembe wa mpimaji. Likafuata jina lake, lote, la kwake na la baba yake. Kibali kimefutwa. Hoteli inasikitika. Barua ikaishia hapo. Meneja hakuwemo. Kijisanduku hakikuwemo, wala ubao, wala majengo kumi na tano kwa siku. Zilikuwa kurasa tano alizoandika, na katika kurasa tano walikuwa wamechomoa mistari minne tu, ile iliyomhusu yeye.

Na hakuwa na pa kulalamikia, kwa sababu mistari ile minne ilikuwa kweli. Wanavyofanya ni hivyo. Hawahitaji uongo wakipata ukweli wa mnyonge mmoja, wanautandaza juu ya ukweli mwingine wote kama turubai.

Mama mkwe aliinyoosha shingo. "Neno lile bado lipo?"

"Lipo, mama. Limehama."

"Nionyeshe lilipohamia."

Akamwonyesha. Kidole cha mama yule kilikaa juu ya neno kama mara ya kwanza, kisha kikasogea polepole mpaka kwenye jina lililofuata, kikalifuata jina lote mpaka mwisho, kikaondoka. Aliikunja barua na kuifunga kwenye pindo la nguo. Alishukuru kwamba binti yake ametolewa. Tangu siku hiyo akikutana na mkwewe humsalimu salamu kamili, ya heshima, na hamwongezi neno.

Bibi Pasi alileta habari baadaye kwamba hoteli imechimbiwa fimbo ya shaba ardhini, ndefu kuliko mtu, na mashine haziumi tena. Kijisanduku kipya kimewekwa, na Meneja mwenyewe hukionyesha kwa wageni. Kazi ya kupima upya majengo yote ya mwenye hoteli ilipewa kampuni ya Bwana Stika. Stika za sasa ni za bluu. Bibi Pasi alisema kijana aliyekuja kupima alikaa dakika kumi, na kifaa alikuwa nacho, ila hakukitoa kwenye begi. Yeye na wenzake walimzuia mlangoni mpaka akakitoa. Ubao wameuweka palepale.

Kipimo sasa hutengeneza pasi na feni barazani kwake, na wanaomletea humwita jina lilelile. Nyumba yake ameipima yote, soketi kwa soketi, kwa kile kifaa cha manjano, na wiki iliyopita alimwita mkewe jikoni aone mwenyewe. Alifunga nyaya kwenye bati la friji, akabonyeza, akamgeuzia kioo. Sufuri nukta tatu nane. Alimweleza kwamba hapa hata kukitokea kuvuja, umeme utakatika kabla mtu hajahisi.

"Naiona," mkewe alisema.

Alisubiri amalize kukunja nyaya na kufunga begi. Kisha akalisogelea friji, akaligusa kwa mgongo wa mkono, akangoja kidogo, ndipo akalifungua.